Jina la Binti wa Atupele

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, maana kompyuta zilikuwepo na mimi meno nilikuwa nayo yote, palikuwa na hospitali katika milima ya Rungwe. Wodi ya watoto njiti ililindwa na programu iliyotazama mitungi ya oksijeni. Mtungi ukikaribia kuisha, programu hiyo, waliyoiita Mama, ilizaa programu ndogo, mtoto wake, ikaiachia namba ya kitanda aisome, na ile ndogo ikapiga kengele kwa wauguzi.

Aliyeiandika ni Subilaga. Pembeni aliacha maelezo, yale ambayo mashine haiyasomi, husomwa na watu tu: "Mama husubiri hapa mpaka mtoto aanze kazi." Na kweli, Mama alisubiri.

Kisha hospitali ikabadilisha kompyuta. Katika mpya, Mama hakusubiri tena, na hakuna aliyejua. Sentensi ikabaki pale pale, imegeuka uongo bila mtu kusema uongo.

Akaja Tusekile, mbishi wa kuzaliwa. Akaisoma, akaijaribu siku tatu, akaifuta. Akaandika: "Mama hasubiri. Usifute namba ya kitanda hapa, mtoto atakuwa hajaisoma." Wenzake wakacheka mpaka chai ikawapalia. "Siku tatu kwa maneno ambayo mashine haiyaoni!"

Akaja Lugano, mwenye haraka zake. Alitumwa aipunguzie programu uzito, na tayari alikuwa anataka Mama aifute ile namba mara tu akishazaa. Akasoma maelezo. Akauondoa mkono, namba ikabaki.

Wiki hiyo hiyo mtungi wa kitanda cha nne ukakaribia kuisha. Kengele ikalia, namba ikatokea, muuguzi akakimbia, binti wa mama mmoja, Atupele, aliyelazwa hapo, akaendelea kupumua. Jamani, kila nikifika hapa nashukuru upya.

Atupele akawaendea wale watatu, mtoto kifuani. "Mwanangu ataitwa jina la aliyemwokoa. Ni nani?"

"Ni mimi, mama," akasema Subilaga. "Kengele ni yangu. Bila kengele, hayo maelezo yangemfaa nani?"

"Ni mimi, na dada zangu msininunie," akasema Lugano. "Wangapi huyaruka maelezo? Mimi nilisoma, nikatii."

Tusekile akainama. "Mimi niliandika sentensi mbili tu. Lakini ile ya zamani ingekuwepo, Lugano angeisoma na kuiamini vilevile, angedhani mtoto ameshaisoma namba, angeifuta, na muuguzi asingejua akimbilie kitanda kipi."

Wakashikana mikono, kila mmoja akimshukuru mwenzake kwa moyo wote, na hakuna aliyerudi nyuma hata hatua.

"Asanteni nyote," akasema Atupele. "Lakini mtoto ni mmoja. Akikua ataniuliza jina lake limetoka wapi, na sitaki kumpa maelezo ya uongo."

Karani wa vizazi ameinua kalamu, mtoto ananyonya. Nyie mnaonikodolea macho, semeni basi: je, aandike jina la nani?