Kilichopita Mlangoni

Mzee Shemdoe, mwenye mashine ya kusaga, alipomwacha mkewe, Mama Zena, hakutaka kumbakizia hata ufagio. Mbele ya baraza la kata alifoka, "Kila kilichomo nyumbani nimekinunua mimi!"

Mama Zena hakubisha. "Mwenyekiti, mpeni kila kilichoingia kwa mlango wa nyumba ile. Kisichopita mlangoni ndicho changu."

Shemdoe akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Dirishani hupita mbu tu. Mpeni mbu wake!"

Mwenyekiti akaandika, na Shemdoe akatia dole gumba upesi, mwanamke asije akageuka.

Kutwa nzima alihamisha: kitanda, kabati, mwiko, hata chumvi. Jioni akarudi na mwenyekiti, kufuli mkononi. Mama Zena alikuwa amejikalia sakafuni.

"Toka, Mama Zena, nifunge nyumba yangu."

"Baba Zena, nyumba hii iliingia kwa mlango gani?"

Mwenyekiti akaisoma tena karatasi. Akatoka nje, akaupima mlango kwa macho, kisha akaipima nyumba.

"Haipiti," akasema.

Shemdoe akageuka kuondoka.

"Na kufuli lako usilisahau," Mama Zena akamwambia. "Hilo limepita mlangoni."