Kopo la Bisibisi za Baba

Alhamisi adhuhuri, Mama Semeni wa Korogwe alikuwa anachagua maharage, mawe huku, mabovu kule, Hidaya alipotoka mbio chumba cha mbele.

"Mama, kompyuta imezimika! Inanuka moshi."

Ungo ukabaki magotini. Kompyuta hiyo marehemu mumewe aliiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, na ndiyo iliyowalisha: kwayo Mama Semeni alichapa mitihani ya shule. Ya Jumatatu ilikuwa imo humo. Mwalimu mkuu alishasema kwamba safari hii ikichelewa, kazi itakwenda kwa mwingine.

Mbwana, kaka yake Hidaya, akaifungua. "Mazabodi imeungua, mama. Ubao huu unaobeba vyote. Prosesa, ule ubongo wake, na vingine ni vizima."

Watoto walikuwa watatu, kila mmoja na lake. Semeni, binti mkubwa, alikuwa na mdomo: angemuuliza mtu yeyote jambo lolote mpaka ajibiwe. Mbwana alikuwa na mkono. Kitu kilichoharibika kikimwona kilipata moyo. Hidaya, kitinda mimba, alikuwa na jicho, na maneno machache.

Mama akashusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati. Ndani mlikuwa na bisibisi saba za baba yao. Tangu msiba, kila mmoja alikuwa ameziomba kwa wakati wake, akanyimwa.

"Atakayeifufua, hizi zake."

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi: safari haitangazwi mpaka mtu arudi. Baba yao aliamini safari iliyotangazwa huharibika. Ndiyo maana mama alizoea kuhesabu watu kila chakula cha jioni. Basi Ijumaa alfajiri Semeni akatoka mlango wa mbele, Mbwana mlango wa uani, hakuna aliyemwambia mwenzake.

Semeni alikwenda Tanga mjini. Aliuliza duka la kwanza, wakamwelekeza la pili. La pili likamtuma kwa mzee auzaye vipuri vikuukuu. Alirudi na mazabodi iliyopauka, imefungwa kwa gazeti.

Mbwana alikwenda Muheza, kwa fundi aliyemfahamu. Alimsafishia kompyuta kumi na moja mpaka vumbi likamjaa puani, na ujira wake ukawa mazabodi nyeusi, mpya, yenye vitaa pembeni.

Waliporudi wote, mbao mbili zikakutana mkekani.

"Dada, hiyo umeiokota jalalani?"

"Na hiyo yako ni ya kompyuta au ya ukumbi wa harusi?"

Mama mwenyewe aliipenda yenye vitaa. Mbwana akashika prosesa aibane.

"Kaka, subiri." Hidaya aliigeuza prosesa. "Ya baba ina vijisindano chini. Ubao wako hauna matundu ya kuvipokea. Ukibana, unavipinda vyote, na prosesa nyingine hatuna." Akailinganisha na ubao uliopauka. "Matundu haya hapa. Wa dada ndio."

"Jalalani, eti?" Semeni akasema.

Lakini walipoufunga na kuwasha, kompyuta kimya. Mbwana akainama, akaona kapasita mbili, vidude kama vikopo vidogo, zimevimba vichwa. Ilikuwa Jumamosi mchana. Kwenda Tanga kusingewahi maduka, na Jumapili hayafunguliwi. Kwenye ubao wake mpya zilikuwamo mbili za namna ileile, nzima.

"Kompyuta kumi na moja," alinong'ona. Kisha akawasha chuma cha kulehemu, akazing'oa, akazipandikiza kwenye ubao wa dada yake. Ubao wa vitaa ukawa si kitu tena.

Kioo kikawaka. Mitihani yote imo.

"Alhamdulillahi," mama alisema, akaenda kuweka karatasi kwenye printa.

Baada ya magharibi maharage yakapakuliwa. Mama akahesabu, kama kawaida: "Semeni. Mbwana. Hidaya. Na mimi. Tupo." Kopo aliliweka kando ya sinia.

"Nisingeuliza, mngefunga nini?" Semeni alisema.

"Nisingeua ubao wangu, wako ungewaka?"

Hidaya alimeza tonge. "Nisingeangalia, mngekuwa mnalia wote."

"Kuleni kwanza," mama alisema. Aliwatazama mmoja mmoja, akashukuru kwamba ni watatu. Angekuwa na mmoja tu, Jumatatu ingemkuta mikono mitupu. Ila kopo ni moja, bisibisi zikigawanywa hazitengenezi kitu, naye alishatamka.

Chakula kinakaribia kwisha. Nanyi mliokaa nasi tangu maharage yalipokuwa mabichi: kopo hilo mama amsogezee nani?