Jina kwenye Kioo cha Kliniki

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, maana kwenye kompyuta hata mwaka juzi ni kale, palikuwa na mafundi watatu waliotengeneza mfumo endeshi wa kompyuta za kliniki: Chausiku, Mbwana, na mimi Sefu, ambaye msidhani ndiye shujaa.

Desturi yetu ilikuwa hii: kila toleo jipya la mfumo hupewa jina la fundi aliyelistahili, na jina hilo hutokea kwenye kioo kila kompyuta inapowashwa. Langu halijawahi kutokea. Mama yangu akienda kupima presha hutazama kioo, kisha huniuliza, "Sefu mwanangu, hivi pale kazini unafanya nini hasa?" Swali hilo linaniuma.

Sasa, programu haijitegemei. Inahitaji nyingine ya kuchora herufi, nyingine ya kuchapisha. Fundi anayeifungasha, yaani anayeitia kwenye kifurushi cha kuwekwa kwenye kompyuta, lazima aandike mahitaji yake, ili kompyuta iyaweke yote pamoja. Chausiku aliandika kwa makini. Mbwana aliandika polepole. Mimi nilinakili mahitaji ya kifurushi cha jana nikayabandika kwenye cha leo. Kikokotoo nilichokifungasha kilidai programu ya kuchapisha. Saa ya kwenye kioo ilidai programu ya kuchapisha. Hata mchezo wa karata ulidai programu ya kuchapisha.

Chausiku akachoka kufagia uchafu wangu. Akaunda mtambo wa kusoma matumbo ya kila programu na kuandika mahitaji wenyewe. Kazi ya miezi ikaisha mchana mmoja. Upuuzi wangu wote ukafutwa, nami nikapiga makofi kuliko wote, maana kazi ilikuwa imepungua.

Mbwana hakupiga makofi. Kabla toleo halijatoka, akafungua kila programu akibonyeza kila kitufe. Tukamcheka. Akafika kwenye programu ya chanjo za watoto, akabonyeza "Chapisha kadi". Hakuna kadi iliyotoka. Programu ile huita ya kuchapisha pale tu mtu anapobonyeza. Mtambo uliisoma ikiwa imetulia, haukuona kitu. Akina mama wangerudi nyumbani bila kadi.

"Lakini kifurushi cha zamani kilichapisha," Mbwana akasema. "Nani alikifungasha?"

Nilikuwa mimi.

Chausiku akarudisha hitaji lile kwa mkono. Likabaki suala la jina.

"Ni langu," akasema Chausiku. "Mamia ya vifurushi viko sawa kwa sababu yangu."

"Ni langu," akasema Mbwana. "Bila vidole vyangu, kosa lingefika kliniki."

Nikakohoa. "Jamani, ni langu. Ni mimi peke yangu niliyeandika kwamba chanjo inahitaji kuchapisha. Na bila uvivu wangu, dada, mtambo ungeuunda wa nini?"

"Kaka Sefu, uliandika hata saa inahitaji kuchapisha."

"Kwenye chanjo nilipatia."

Mpaka leo pale penye jina pako wazi, na kesho mama anakwenda kupima presha. Haya, nyie mnaocheka huko nyuma: akute jina la nani? Nani hasa alilistahili?