Kwa Nini Bibi Harusi wa Mirambani Huulizwa Nguo Yake Ni ya Nani

Sogeeni nisimulie, ila anayekoroga chungu asiache kukoroga. Haya yalitokea hapahapa Mirambani, enzi ambazo mji mzima haukuwa na kiraka hata kimoja. Msicheke. Mtu aliyeonekana na kiraka alitahayari kama aliyekamatwa akiiba kuku. Kila mwaka baada ya mavuno wafanyabiashara walipanda kutoka bondeni na punda wao, wakafungua marobota ya kitambaa pale uwanjani, watu wakachagua, wakavaa. Nguo ikipauka, ilipelekwa ukingoni mwa korongo la magharibi ikatupwa. Bangili ikififia, korongoni. Shanga zikikatika uzi, korongoni. Wanasema ukisimama ng'ambo ulidhani korongo lile limechanua maua.

Na kama mtu wa kawaida alitakiwa kuvaa nguo mpya, bibi harusi ndiyo usiseme. Alitoka nyumbani kwao kwa nguo ambayo haijawahi kugusa ngozi ya mtu, na asipokuwa nayo hatoki. Harusi inangoja mwaka mwingine, au haingoji kabisa.

Mwaka huo aliyekuwa anaolewa ni Sikudhani, binti wa Mzee Kibwana mfinyanzi. Mama yake, Bi Siwatu, alifariki Sikudhani akiwa bado anatambaa, akalelewa na baba na shangazi yake Mashavu, mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa na mkono mzuri wa kupika. Mchumba wake, Shomvi, alikuwa kijana wa Kilwandu, mji ulio nyuma ya kilima hiki. Walipendana kweli. Shomvi alikuwa akija kununua vyungu hata kwao walipokuwa wamejaza nyumba vyungu.

Shida ilikuwa nyanya yake Shomvi. Bi Kirembo hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na macho. Aliweza kuona uzi uliolegea kwenye nguo ya mtu aliye upande wa pili wa uwanja. Wajukuu zake wote aliwaoza yeye, na kwa Shomvi alishachagua msichana mwingine, wa nyumba yenye ng'ombe wengi, kabla kijana hajamtaja Sikudhani.

Basi mvua ikanyesha. Siyo mvua hii mnayoijua. Ilinyesha siku kumi na mbili, na ilipokatika, njia ya kwenda bondeni ilikuwa imekwenda na maji, daraja na kila kitu. Wafanyabiashara walifika chini wakatazama, wakageuza punda wao. Harusi ilikuwa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Mzee Kibwana akatuma mtu Kilwandu kuomba siku isogezwe. Jibu lilirudi kabla ya adhuhuri, nalo lilikuwa fupi: "Ijumaa ni Ijumaa. Mjukuu wangu haoi matambara. Tukikuta hakuna nguo, tutaendelea na safari yetu hadi nyumba nyingine."

Sikudhani hakulia mbele ya mjumbe. Alimpa maji, akamshukuru, akamsindikiza hadi mlangoni. Kisha akaingia ndani akajifunika uso kwa mikono, na Shangazi Mashavu akaanza kumtukana Bi Kirembo kwa sauti ambayo nadhani ilifika Kilwandu.

Mzee Kibwana alinawa udongo mikononi. Halafu akachukua ngazi, akapanda darini, akashuka na kapu limejaa vumbi.

"Msinicheke," akasema. "Nilitakiwa kuitupa. Nilikwenda nayo hadi korongoni mara tatu, mkono ukakataa."

Ndani ya kapu mlikuwa na nguo ya harusi ya Bi Siwatu.

Shangazi alifunga mlango haraka, jirani asije akaona. Waliikunjua wote watatu. Ilikuwa shuka pana iliyokuwa nyeupe zamani. Sasa ilikuwa na rangi ya chai iliyomwagika, katikati imechakaa hata ukiiinua unaona mwanga, panya wameonja pembe moja, na maji ya masizi yaliyovuja kutoka paani yalikuwa yameacha doa jeusi ukubwa wa sinia. Lakini Sikudhani aliitia usoni akavuta pumzi. Hakuwahi kushika kitu chochote cha mama yake mpaka siku hiyo.

"Nitavaa hii," akasema.

"Utavaa nini!" Shangazi akaruka. "Mwanangu, hii hata kudekia mtu atafikiri."

"Basi tuisafishe. Shangazi, tuna siku sita."

Hapo ndipo mambo yalipoanza, na laiti ningekuwepo! Jumapili walichuja maji ya jivu, wakailoweka nguo ndani yake tangu asubuhi hadi alasiri. Wakaisugua kwa ndimu, wakaianika juani juu ya majani mabichi ya uani, wakawa wanainyunyizia maji kila ilipokauka. Rangi ya chai ikaanza kuondoka! Kila walipoigeuza ilikuwa nyeupe kidogo zaidi, na Shangazi, ambaye asubuhi alikuwa ananuna, jioni alikuwa ndiye anayekimbia kuigeuza. Lakini doa la masizi halikusogea. Walilisugua Jumatatu mpaka vidole vikachubuka. Lilibaki palepale.

Shangazi Mashavu akakaa chini, akafuta jasho kwa upindo wa nguo yake, na macho yake yakaangukia ule upindo. Ulikuwa na madoa ya manjano ya mchuzi. Akauangalia. Akauangalia tena.

"Sikudhani," akasema polepole. "Mimi nguo zangu zote nimezitupa kwa sababu ya mchuzi. Rangi ya jikoni haitoki ng'o. Sasa mbona tunahangaika kuondoa doa? Si tulimeze kwa rangi!"

Walikuwa na nguo moja tu, hawangeweza kubahatisha. Wakakata kipande kidogo pale panya walipotafuna, wakakijaribu. Manjano yalitoa rangi ya kung'aa, lakini kipande kilipokaa juani mchana mmoja kikapauka. Wakachemsha magome, wakapata rangi ya tope. Jumanne, Shangazi akakumbuka jinsi maji yanavyogeuka rangi akichemsha maganda ya vitunguu. Akakusanya ya kwake, hayakutosha. Akatoka kuomba kwa majirani, anadai ni dawa ya kifua. Wakayachemsha na kipande cha shabu, ile ya vinyozi, wakatumbukiza kitambaa.

Kilipotoka, Sikudhani alipiga kelele. Kilikuwa na rangi ya asali jua likipita ndani yake. Wakakifua, hakikutoka rangi. Wakakianika, hakikupauka. Shangazi alicheza uani peke yake huku ameshika mwiko.

Kelele zile ndizo zilizoleta watu. Jirani wa kwanza alichungulia juu ya ua akaona nguo kuukuu imening'inia, akaita wa pili, na kabla ya muda mrefu uani palikuwa na wanawake kumi wameshika midomo. Mmoja akasema, "Bi Mashavu, hiyo si nguo ya marehemu? Mmeiweka miaka yote hii?"

Mzee Kibwana akajibu yeye, akiwa kwenye gurudumu lake la ufinyanzi. "Nimeiweka mimi. Mwenye maneno aje kwangu."

Wakatawanyika mmoja mmoja. Shangazi akajua kesho mji mzima utawanyooshea vidole.

Jumatano asubuhi mlango ukabishwa hodi kwa woga. Alikuwa yule jirani aliyeuliza, na kitu amekificha chini ya kanga. Akakitoa: kanzu ndogo ya mwanawe aliyekufa kwa surua, imepauka kabisa. "Na hii?" akauliza. "Rangi itaishika?" Kabla hajajibiwa, nyuma yake akasimama mwingine na mkufu wa nyanya yake uliokuwa mweusi kama mkaa. Akaja mzee na mkanda wa ngozi uliokakamaa. Akaja binti na shanga ndani ya kibuyu, zisizo na uzi. Mji mzima, jamani! Mji uliokuwa ukitupa kila kitu korongoni, kila nyumba ilikuwa na kitu kimefichwa chini ya kitanda, ndani ya mtungi, nyuma ya pipa la nafaka. Na kila mtu alidhani ni yeye peke yake.

Siku hiyo vyungu vya Mzee Kibwana vyote viliwekwa motoni. Mikufu na bangili za shaba zilisuguliwa kwa ukwaju na jivu mpaka zikawaka. Mkanda ule ulipakwa mafuta ya nazi ukalainika. Shanga zikatungwa upya, za huyu zikichanganywa na za yule. Watu walikuwa wakiitana kutoka ua hadi ua: "Njoo uone! Njoo uone hii!" Mwanamume mmoja aligeuza kola ya kanzu yake ndani nje, akazunguka uwanjani mara nne bila shughuli yoyote.

Nguo ya Sikudhani ilipotiwa rangi ile ya vitunguu na kukauka, doa lilikuwa limebaki kama kivuli tu, huwezi kulijua kama hujaonyeshwa. Ila katikati palikuwa bado pamechakaa, na mtu angekaa vibaya mara moja tu ingechanika. Sikudhani akaona la kufanya: kukata pale katikati, kuondoa ukanda uliochoka, na kushona pembeni kwa pembeni ili sehemu imara zije kati. Shangazi akashika mkasi. Akaurudisha chini. Sikudhani akaushika, naye akashindwa.

"Leteni," akasema Mzee Kibwana.

Akaikunjua nguo ya mkewe magotini, akailaza sawa kwa kiganja kama anavyolaza udongo, akakata moja kwa moja bila kusimama. Alipomaliza akarudisha mkasi, akatoka nje, akakaa huko kidogo.

Baada ya kushonwa, nguo ilikuwa nzuri na imara, lakini fupi. Haikufika miguuni. Ilikuwa Alhamisi alasiri. Na hapo mama mwenye ile kanzu ndogo akakata upande wa chini wa kanzu, ambao sasa ulikuwa na rangi ya asali, akaweka mbele ya Sikudhani. Wengine wakafuata, kila mmoja na utepe aliokata kwenye nguo aliyokuwa ameificha, mwekundu, wa samawati, wa kijani cha majani ya mhina. Wakaketi wanawake kumi na tisa kuuzunguka upindo mmoja, sindano zinakwenda, wanaimba, wanachomana vidole, wanacheka. Jua lilipozama nguo ilifika vifundoni.

"Sasa sikia," Shangazi akamwambia Sikudhani Ijumaa asubuhi akimvisha. "Akiuliza, sema imetoka bondeni. Sema ni mtindo mpya wa huko. Nani atajua?"

Wageni wa Kilwandu walifika na ngoma. Bi Kirembo alikuwa mbele, amejitanda shuka mpya nzito, na uso hauna habari ya furaha. Sikudhani akatoka mlangoni. Ngoma zikafifia zenyewe. Hakuna aliyewahi kuona nguo kama ile, rangi moja juu na rangi ishirini chini, ikimeremeta kwa maji ya wanga wa muhogo waliyoipitishia. Shomvi alisahau kufunga mdomo.

Bi Kirembo akasogea. Akashika mshono wa katikati kwa vidole viwili, akaufuata mwanzo hadi mwisho. Akatazama pale palipokuwa na doa. Tayari alishaliona.

"Nguo ya nani hii?" akauliza.

Shangazi Mashavu akakohoa kwa nguvu. Sikudhani alimsikia, na alijua analotakiwa kusema. Alimtazama Shomvi, akamtazama baba yake aliyesimama kando ya ukuta na kofia mkononi.

"Ya mama yangu," akasema. "Siwatu. Aliivaa siku kama ya leo."

Watu wa Kilwandu wakatazamana. Shomvi akapiga hatua akasimama karibu na mchumba wake, na ilikuwa wazi kwamba hatoki hapo, kwa nguo mpya au bila nguo mpya.

"Na huu upindo?"

Sikudhani akaanza kuwataja, utepe kwa utepe, na kila aliyetajwa aliinua kichwa pale alipokuwa. Alipofika kwenye ile kanzu ndogo, alitaja jina la mtoto, na mama yake akalia kwa sauti mbele ya wote, bila aibu.

Bi Kirembo alisikiliza hadi jina la mwisho. Kisha, mbele ya ukoo wake mzima, akafungua ile shuka mpya. Chini yake, begani, alikuwa amejifunga kitambaa kuukuu kilichopauka mpaka hakina jina la rangi.

"Cha mama yangu mzazi," akasema. "Bi Tamasha. Nimekivaa kwa ndani miaka arobaini." Akamgeukia Shangazi Mashavu. "Chungu bado kina moto?"

Vigelegele vilivyopigwa! Wanasema punda waliokuwa bondeni walisikia wakakata kamba.

Na tangu siku hiyo, bibi harusi wa Mirambani hatoki kwa nguo ambayo haijawahi kuvaliwa. Awe wa nyumba kubwa au ndogo, nguo hutolewa kabatini kwa mtu aliyempenda, ikasafishwa, ikatiwa rangi, na majirani wakashona upindo. Naye mkubwa wa upande wa bwana harusi husimama mlangoni na kuuliza ni ya nani.

Wewe Tausi, mwari wetu, kesho ni zamu yako. Nguo ni ya nyanya yako, na wengi watakaokuwepo hawakumjua. Watakapokuuliza, usiinamishe kichwa wala usinong'one. Litaje jina lake lisikike mpaka kule nyuma.