Njia Nyuma ya Kituo

Mpisha njia hachelewi. Ndivyo kondakta alivyowaambieni leo mlipokuwa mkisukumana mlangoni, na sasa mnataka kujua msemo huo umetoka wapi. Mmefika penyewe, maana siku hiyo usukani ulikuwa mikononi mwangu. Kaeni, wali bado haujaiva. Methali hii chanzo chake ni hiki.

Zamani Barabara ya Kiwandani ilikuwa ya mabasi na malori, na mwenye baiskeli alijijua mwenyewe. Halmashauri ikachora njia ya baiskeli, rangi ya kijani, ukingoni kabisa. Jambo jema, ila kituo cha mabasi nacho kilikuwa ukingoni hapo hapo. Kila nilipotaka kushusha, ilinibidi niikate njia yao, na abiria akiteremka anakanyaga penye baiskeli. Wao wananipigia kengele, mimi nawapigia honi, na siwafichi, matusi nayo hayakukosekana.

Ugomvi huo uliingia hadi ndani ya nyumba moja. Mhina alisambaza mikate kwa baiskeli, sanduku kubwa kalifunga nyuma. Kabla njia haijachorwa, lori lilimkwangua akavunjika mkono, kwa hiyo ile rangi ya kijani aliiona kama uhai wake. Dada yake, Mwantumu, alikuwa fundi cherehani. Mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni, na mahali aliposhonea palikuwa nyuma tu ya kituo. Akishuka basini anajikongoja kidogo, amefika kazini. Kituo kikihamishiwa sokoni, kazi imekwisha, kwani umbali ule asingeuweza.

Halmashauri ikaitisha mkutano. Wenye baiskeli wakataka kituo kiondolewe, abiria wakataka njia ifutwe. Ofisa akasema barabara ni nyembamba, haiwezi kubeba vyote viwili, na mkutano ujao kitachaguliwa kimoja. Tangu hapo Mhina na dada yake wakawa hawasemezani. Mama yao alipanda basi langu akanieleza huku anafuta machozi, nami nilimwonea huruma, ingawa moyoni nilikuwa upande wa kituo.

Asubuhi moja nilisimama pale, nikafungua mlango. Mwantumu akatanguliza mkongojo. Kutupa macho kwenye kioo cha pembeni, naona baiskeli inakuja mbio na sanduku la mikate. Nilijua ni Mhina. Nikapiga ukelele, lakini Mwantumu alikuwa keshakanyaga chini. 

Mhina alipomwona dada yake alikata kushoto. Akapanda ukingo, akapita nyuma ya kibanda cha kituo, pale ambapo mafundi cherehani hupanga meza zao. Saa ile walikuwa bado hawajafungua, pako peupe. Akatokea upande wa pili, mbele ya basi langu. Hakuguswa mtu. Mikate michache tu ilimwagika.

Aliitupa baiskeli, akamkimbilia dada yake.

"Dada, umeumia?"

"Sijaumia. Wewe je, mkono wako?"

"Mzima."

Wakashikana, wakalia. Nami nililia, mtu mzima na sare yangu ya kazi, na abiria hakuna aliyenicheka.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Sisi wa mabasi tulifurahi, tukijua Mwantumu ataizika ile njia ya baiskeli kwa maneno yake tu. Ofisa akamwita mbele.

"Bi Mwantumu, wewe ndiye uliyeponea chupuchupu. Tuondoe kipi, kituo au njia?"

"Ondoeni meza yangu."

Ofisa akashangaa. "Meza ipi, mama?"

"Ya kukatia nguo. Yangu na za wenzangu. Tumejaza pale nyuma ya kituo, ndiyo maana hakuna aliyewahi kupaona kuwa panapitika. Ndugu yangu alipita kwa kuwa tulikuwa hatujapanga vitu. Basi lisimame palepale, baiskeli zizunguke nyuma ya kibanda, sisi tusogee kwenye ukuta wa maduka."

Mafundi wenzake wakaguna, lakini hakuna aliyekataa. Mhina akasimama. "Dada, utabanwa sana."

"Nitabanwa. Na wewe ukifika pale usimame, abiria wavuke kwanza. Tutabanwa sote kidogo."

Ofisa aliinamisha kichwa, kisha akaanza kuandika. Mimi niliyekwenda kushangilia ushindi nilirudi nyumbani sina ushindi, na nilikuwa na raha kuliko aliyeshinda.

Rangi mpya ilipokauka nyuma ya kibanda, wasambazaji wa mikate walinung'unika kwamba kwa kungoja abiria sasa mikate itafika baridi. Asubuhi ya kwanza nikasimama kituoni bila kukata njia ya mtu. Abiria wakashuka, wakaanza kuvuka kwenda madukani, Mwantumu nyuma yao kwa mwendo wake. Mhina alikuwa amesimama, mguu mmoja chini. Msambazaji mwenzake akapiga kengele.

"Mhina, tunachelewa bwana."

Mhina hakugeuka. Alingoja mpaka dada yake alipofika upande wa pili, ndipo akakanyaga pedeli.

Mwenyewe alinisimulia baadaye: alipofika kwenye mgahawa wa kwanza alimkuta mzee mwenye mgahawa bado anafuta meza, chai haijachemka. Kumbe zamani muda wote ulikuwa ukiishia kwenye kusukumana nasi pale ukingoni.

"Leo mbona mapema?" mwenye mgahawa akamuuliza. "Umepitia wapi?"

"Njia ileile. Nimesimama tu nikampisha dada yangu."

Yule mzee alipokea mikate, akaishika, bado ina moto. Akacheka.

"Kumbe mpisha njia hachelewi."