Kadi Ndani ya Kikopo cha Ugoro

Njia usiyoipita ina mpitaji wake. Mmeyakuta maneno haya ndani ya programu mnayofundishwa kuitunza, na mmekuja kuniuliza yametoka wapi kwa kuwa mmesikia nilikuwepo. Ni kweli, nilikuwepo. Sogeeni, niwaeleze yalivyozaliwa.

Nilikuwa nimeshaaga. Cherehani zote mbovu za kijiji cha Nyalusanje nilikuwa nimezitengeneza, na mimi nikimaliza kazi mahali, miguu huanza kuniwasha. Nilishapita nyumba ya mwisho, begi la vyuma begani, niliposikia naitwa ndani ya ukungu.

"Fundi Mbwilo! Unashuka mikono mitupu kama mgeni?"

Alikuwa Sista Atuganile, muuguzi wa zahanati, anakimbia na sweta juu ya gauni lake jeupe. Nikaona aibu. Kule mlimani ni desturi: hashuki mtu kabla hajapita zahanati kuuliza kama kuna kadi. Mtandao ulikuwa haujafika. Sista aliandika watoto wote na chanjo zao kwenye kompyuta ya sola, na kila mwezi alibonyeza mahali, orodha ikaingia kwenye memori kadi, kidude kidogo kama ukucha. Kadi akaitia kwenye kikopo cha ugoro, kikopo akampa anayeshuka. Wilayani waliisoma, nao wakapeleka chanjo kwa kufuata majina. Mtoto ambaye hakuwa kwenye orodha, dozi yake haikupanda mlima.

"Humo mna watoto sitini na mmoja," akaniambia. "Usiwaangushe. Na usiwanuse."

Nilishuka siku mbili. Karani wa wilaya akaisoma kadi, kisha akanirudishia kikopo pamoja na habari mbaya.

"Mwambie sista, miezi michache ijayo kadi hazitasomeka. Watunzaji wa programu wanakiondoa kipengele cha kuandika na kusoma kadi. Wameshatangaza."

"Basi nipeleke kwa mwenye programu."

"Haina mwenyewe, mzee. Ni programu huru. Namna ilivyoandikwa imewekwa wazi, anayetaka anaisoma, anayeweza anairekebisha, na halipi mtu. Ila wapo wanaojitolea kuitunza, na wawili kati yao wako hapa hapa mjini, nyuma ya soko."

Nikaenda. Niliwakuta Skolastika Haule, dada mmoja mwenye miwani ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho, na Yohabu, kijana mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Walinipa chai kabla ya kuniuliza shida yangu. Hilo silisahau.

Niliweka kikopo mezani, nikaeleza. Yohabu akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nikuamkie mara ya pili, mzee, maana naona utanikasirikia," akasema. "Kipengele hicho ni cha zamani. Kila tukigusa kitu kingine, chenyewe kinavunjika, na wa kukiunga ni mimi. Kimekula Jumapili zangu mwaka mzima. Mke wangu ameanza kunikaribisha kama mgeni! Na wala hakitumiki. Programu yenyewe hutuletea hesabu, nani katumia kitu gani. Kwenye kadi, sifuri. Tukatangaza siku sitini, anayekitumia aseme. Kimya. Na kwetu sisi, aliyenyamaza amekubali."

"Mlitangaza wapi, mwanangu?"

"Mtandaoni."

"Na hiyo hesabu, inawafikiaje?"

"Kwa mtan..." Akaishia hapo.

Skolastika akavua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi. "Yohabu wee! Tumemwita kiziwi kwa filimbi, halafu tukaandika hayupo!"

Yohabu hakucheka. "Sawa, dada Skola, tumekosea kuuliza. Lakini huyu ni mtu mmoja, na hiki ni kikopo kimoja. Kwa kikopo kimoja niendelee kuunga kitu kibovu mpaka nizeeke?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kwa kweli nilijua kikopo kimoja tu.

Skolastika akavaa tena miwani. "Basi usinisikilize mimi wala mzee. Panda ukaone. Ukirudi ukaniambia ni kikopo kimoja, nitakifuta kipengele kwa mkono wangu, na huyo sista tutamtafutia namna nyingine. Mpaka hapo hakiguswi."

Tulipanda Jumatatu. Mimi sipendi kurudia nyayo zangu, kwa hiyo sikumpitisha nilikoshukia. Nilimzungusha nyuma ya mlima, kwenye njia ambayo nilikuwa nimeisikia tu. Siku ya pili njia ikaingia kwenye majani marefu, ikatuponyoka. Yohabu alikuwa na viatu vya mjini. Akaketi chini, akanyoosha miguu, akavua kimoja.

"Mzee, tumepotea. Hapa hapapiti mtu."

Hata hajamaliza kukung'uta changarawe, sauti ikatusalimia kutoka juu yetu.

"Kamwene! Wewe uliyelala katikati ya barabara, nipishe, nina mzigo!"

Alikuwa mama mmoja wa makamo, gunia la viazi kichwani, anateremka kama anayekwenda kisimani kwake.

"Barabara?" Yohabu akashangaa. "Mama, kumbe hii ni njia?"

"Ulidhani ni kitanda? Njia usiyoipita ina mpitaji wake, mwanangu. Kusanya miguu."

Yohabu akakusanya miguu. Mama alipokuwa ananipita, nikaona pembe ya khanga yake imefungwa fundo, na ndani ya fundo kuna kitu cha duara ambacho umbo lake nililijua.

"Mama, huo ni ugoro?"

"Ugoro gani! Hawa ni watoto."

Akatua gunia, akafungua fundo, akafungua na kikopo. Ndani mlikuwa na kadi tatu, kila moja imezungushiwa uzi: mwekundu, mweupe, mweusi. Zilitoka zahanati tatu za nyuma ya mlima, na hakuna hata moja niliyowahi kuitia mguu. Na bondeni, akasema, shemeji yake naye hubeba za huko, hajui ngapi.

Yohabu akaomba azishike. Alizilaza kiganjani, akazihesabu kwa kidole, kiatu kimoja bado kimevuliwa.

"Humu mna watoto wangapi, mama?"

"Mimi mbebaji tu. Nirudishie, jua linakwenda."

Ushahidi alikuwa ameupata pale pale, angeweza kugeuka. Hakugeuka. Alisema sasa anapanda kwenda kusalimia. Tulipofika Nyalusanje alimweleza Sista Atuganile kila kitu, hata zile siku sitini, bila kujificha. Sista akamwekea viazi vya moto na maziwa.

"Asante kwa kuja kuuliza kabla ya kufuta," akasema.

"Asante ninyi mliobeba," Yohabu akajibu.

Mambo yaliishia hivi. Kipengele hakikufutwa. Yohabu alikiandika upya kwa miezi minne, kikaacha kuvunjika, na juu yake akaweka maneno ya yule mama, ndiyo hayo mliyoyakuta. Vijana wawili wa wilayani walijifunza kukitunza pamoja naye, Jumapili zake zikarudi, na mke wake alinifumia sweta hili nililovaa. Skolastika alihamia Dodoma. Siku hizi kabla ya kuondoa kitu chochote hupeleka pia barua za karatasi na tangazo la redio. Sista Atuganile alistaafu, anafuga nyuki. Yule mama, jina lake Subilaga, goti lilimshinda. Binti yake ndiye anayebeba. Wale watoto sitini na mmoja walipata dozi zao zote. Mlimani pamejengwa mnara wa mtandao, na mvua ikiuzima, kikopo hushuka kama zamani. Mimi bado natembea, na popote ninapoaga, hupita zahanati kwanza.

Njia usiyoipita ina mpitaji wake.