Waya za Ndege Isiyoruka

Kaeni, wapendwa. Mama Tulinagwe, nisaidie kufunga dirisha hilo, maana upepo wa leo unanifungulia Biblia mahali ambapo sikupanga kuhubiri. Au basi, liache wazi. Upepo huu huu ndio ninaotaka kuuzungumzia.

Nina mfano. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo baada ya ibada asinifuate mtu kuniuliza kiwanja hicho kiko wilaya gani.

Palikuwa na kiwanja kidogo cha ndege huko nyanda za juu, kile cha majani, ambacho kabla ndege haijatua inabidi mtu aende kwanza kufukuza mbuzi. Pembeni mwa kiwanja hicho watu wachache walianzisha makumbusho ya ndege. Nasema makumbusho, lakini msifikirie jengo lenye vigae. Lilikuwa banda la mabati na kipande cha uwanja kilichozungushiwa uzio wa miti. Mshahara hakuna. Mmoja alikuwa mwalimu, mmoja fundi baiskeli, wengine kina mama wa sokoni, na kila Jumamosi walikutana na ndoo na matambara kuosha ndege chakavu ambazo hakuna mtu mwingine aliyezitaka. Majirani waliwacheka. Walisema vyuma vile vingeyeyushwa vingetoa sufuria za kutosha mji mzima, na watu wakala pilau, kuliko kuvifuta kila wiki kama mtoto mchanga.

Kati ya ndege hizo moja ilikuwa ndogo, nyeupe, mabawa yake yako juu ya madirisha. Enzi zake ilibeba madaktari na chanjo kwenda vijiji visivyofikiwa na barabara. Iliwabeba wajawazito walioshindwa kujifungua. Ilipochoka ikastaafishwa. Wale watu wa kujitolea wakaing'oa injini na kuihifadhi bandani isinyeshewe, ndege yenyewe ikabaki uwanjani, na puani, mahali pa injini, wakatia mawe machache ili ndege isije ikakalia mkia.

Na rubani wake je? Yeye naye alistaafishwa, kwa sababu ya macho. Nyumba yake ilikuwa mpakani mwa kiwanja. Kutwa alikaa kibarazani akiiona ile ndege kama doa jeupe tu, na alikuwa ameapa kwamba mguu wake hautakanyaga pale. Walimwomba aje azungumze na wageni, akakataa. Wakamwomba aje hata kukaa tu, akawaambia wamwache azeeke kwa amani. Ndugu zangu, yule baba hakuwa mgonjwa. Alikuwa amejihesabu kwamba amekwisha. Mnawajua watu wa namna hiyo? Wengine mnaishi nao nyumba moja.

Mkewe alikuwa mmoja wa wale wa kujitolea. Sasa sikilizeni kazi yake. Usukani wa ndege ile umeunganishwa na waya za chuma zinazopita chini ya sakafu mpaka kwenye mabawa na mpaka mkiani. Rubani akisukuma usukani, waya zinavuta, vipande vya bawa na mkia vinapinda, na ndege inatii. Waya zikishika kutu, usukani unabaki pambo. Basi yule mama kila Jumamosi aliingia kule mkiani kwa magoti, na kopo la grisi na kitambaa, akazipaka waya zote na vigurudumu vinavyozibeba, akarudi nyumbani kucha nyeusi.

Siku moja mumewe akamkuta anasugua mikono kwa majivu.

"Mama," akamwambia, "wewe unapaka mafuta maiti. Ile ndege haina injini. Haitaruka mpaka siku ya kiama."

"Najua."

"Sasa unapaka za nini?"

Mama akajifuta mikono kwa khanga. "Na wewe baba, mbona kila asubuhi nakupikia uji?"

Mnacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake akanywa uji bila kumtazama mkewe usoni.

Ikafika siku ya kufungua makumbusho rasmi. Wageni walialikwa kutoka mkoani, chakula kikapikwa, na lilihitajika turubai la kuwakinga wageni na jua. Turubai lipo, kamba hazitoshi. Mwalimu akazunguka akitafuta, akaona kamba nzuri, nene, zimeifunga ile ndege nyeupe kwenye vigingi vya chuma, huku na huku kwenye mabawa, na moja mkiani.

"Hizi nazo zinazuia nini?" akasema. "Ndege imestaafu. Itakwenda wapi?"

Hakuna aliyebisha. Hata yule mama hakubisha. Wakazifungua, wakafungia turubai, likakaa vizuri kweli. Mimi ningekuwepo ningesaidia kufungua, na wewe pia, usijifanye. Mtu mmoja tu katika mji ule angewakataza, na mtu huyo alikuwa amekaa kibarazani kwake amenuna.

Wapendwa, hapo pana jambo hawakulijua. Injini siyo inayoinua ndege. Kazi ya injini ni kuisukuma mbele mpaka hewa ipite kwa nguvu juu ya bawa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua. Sasa upepo ukija wenyewe, tena wenye nguvu, bawa haliulizi kama injini ipo. Linafanya kile lililotengenezwa kufanya. Na hawa ndugu zetu, kwa upendo wao wote, walikuwa wameipunguzia ndege uzito, wameielekeza pua kule upepo unakotoka ili wageni waione vizuri, halafu wameifungua kamba.

Upepo ulikuja wageni wakiwa wanakula. Mnaujua ule upepo wa kwetu unaotangulia mvua ya mawe. Turubai liling'oka na miti yake, sahani zikatawanyika, mawe yakaanza kuwapiga watu vichwani. Wangekimbilia wapi? Banda lilijaa mara moja. Waliobaki, wengi kina mama wenye watoto mgongoni, wakakimbilia chini ya mabawa ya ndege nyeupe. Mke wa rubani alikuwa miongoni mwao. Wakabanana pale wakimshukuru Mungu kwa kuwapa paa.

Kule kibarazani rubani akasikia jinsi mabati ya nyumba yake yanavyolia, na mlio huo aliujua. Akatazama kiwanjani. Macho yake hayakuona watu. Yaliona doa jeupe, na doa linatikisika, na ndege iliyofungwa haitikisiki vile.

"Nani ameifungua?" akauliza, na hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Akaondoka vilevile, peku, mvua ya mawe ikimpiga, akakanyaga mahali alipoapa kutokanyaga. Alipofika, gurudumu la mbele lilikuwa tayari linaacha ardhi na kurudi, linaacha na kurudi. Akaona vivuli vya watu chini ya bawa. Alipaza sauti watoke, sauti ikamezwa na mvua. Ndege ile ingenyanyuka kidogo tu na kupinduka, ingewaangukia wote, na mkewe yumo. Akaupapasa mlango, akapanda, akakaa kwenye kiti chake. Macho hayakuwa na kazi humo ndani. Mikono yake ilikwenda yenyewe mpaka kwenye usukani, akausukuma mbele.

Sasa niambieni. Kama waya zile zingekuwa na kutu, tungekuwa tunasimulia nini hapa?

Usukani ukaenda laini. Na yule mama, aliyekuwa amejikunyata chini ya bawa, aligeuza shingo kutazama nyuma, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Kile kipande cha mkiani, alichokuwa akihangaika na waya zake Jumamosi baada ya Jumamosi bila kukiona kikifanya kazi yake hata mara moja, kikashuka. Kikashuka, na pua ya ndege ikashuka, na gurudumu likakaa kwenye majani. Upepo ukahama, ukaja kwa kushoto, na bawa la kushoto likajibu palepale. Hakuna injini. Hakuna sauti ya kitu chochote isipokuwa mvua. Ndege iliyokufa inatii. Mama yule akaingiwa na hofu, na haikuwa hofu ya kufa. Ilikuwa hofu ile inayokupata unapogundua umeingia mahali patakatifu na viatu. Alijua ni nani yuko juu kwenye usukani.

Muda wote upepo ulipovuma, mzee yule aliirusha ile ndege. Ndiyo, nasema aliirusha. Kila upepo ulipoinyanyua, aliishusha. Ulipoisukuma upande, aliirudisha. Hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile angani, na yote aliifanya ili ndege isitoke pale ilipo.

Upepo ukatulia. Watu wakatoka chini ya mabawa wakijipangusa, wengi wao hawakujua kabisa walikuwa wamekaribia nini. Mwalimu alikuja na kamba zake mkononi, akaanza kuifunga ndege upya kwenye vigingi. Mama akaenda kufungua mlango. Alimkuta mumewe bado ameshika usukani, vidole vimekakamaa, machozi yanamtoka.

"Ulikuwa unafanya nini humu?" akamuuliza polepole.

"Nilikuwa nairusha."

"Mbona haikwenda popote?"

"Safari ya leo ilikuwa kubaki." Kisha akaushika ule mkono wa mkewe wenye kucha nyeusi. "Waya zilikuwa laini, mama."

Mama naye alikuwa analia.

"Kesho," rubani akasema, "uji wangu uniletee hukuhuku."

Haya. Wazee wangu wa benchi la mbele, naona mmeanza kukaa wima. Mnafikiri mfano huu ni wenu, na kwamba nitawaambia msikate tamaa, bado mnayo mikono. Mzee Mwakifuna, usinitazame hivyo, nimeona ulivyotabasamu. Ni kweli mikono mnayo. Upepo haukuambiwa kwamba mmestaafu, na siku utakapokuja hautawauliza umri. Lakini leo sikuja kuwahubiria ninyi. Pumzikeni kidogo.

Nimekuja kwa ajili ya sisi wenye nguvu. Upepo ni wa Mungu, hatuuleti wala hatuuzuii. Mikono ilikuwa ya rubani, Mungu alimpa. Lakini kati ya mkono na mkia kuna waya, na waya zile mtu alizipaka, siku ambazo kuzipaka kulionekana upuuzi. Mume alimcheka. Mji ulimcheka. Yeye mwenyewe hakujua anapaka kwa ajili ya siku gani. Na mtoto yeyote aliyetoka mzima chini ya lile bawa alitoka kwa sababu ya kopo la grisi.

Na tena mama yule alikuwa na waya za kupaka mahali pawili. Mnakumbuka uji? Kila asubuhi alimpelekea bakuli mtu aliyesema amekwisha, akamwita baba, akamjibu, akamtania, hakumwacha ashike kutu. Sisi tunafanyaje? Sisi tuna neno letu zuri sana. Tunasema, "Mwacheni apumzike." Bibi hasikii vizuri, mwacheni apumzike, msimsumbue na mazungumzo. Babu anasahau majina, apumzike chumbani, wageni wakija msimtoe. Tunafungua kamba zao kwa mikono yetu, tunazipeleka kwenye sherehe zetu, na tunaulizana wataenda wapi.

Mwinjilisti Asegelile yuko wapi leo? Mbona mmeinama? Nusu ya kwaya hii ni yeye aliyeifundisha kuimba. Wewe bwana wa sauti ya nne, ni yeye aliyekupiga kofi la kisogo mpaka ukaacha kupanda juu. Sauti yake ilipokwaruza tulimpa kiti na shuka la mgolole la kujitanda begani, tukampigia makofi, tukasema apumzike. Tangu siku ile ni nani kati yetu aliyekwenda kumwambia, Mwalimu, tumekwama, wimbo huu unaanzaje? Anakaa nyuma ya soko. Tunapita mbele ya kibaraza chake tukija hapa kumsifu Mungu, tunampungia mkono, tunaona tumemsalimia.

Kwa hiyo baraka sitatoa hapa. Kwaya, chukueni ngoma. Mama Tulinagwe, kuna chupa ya uji ofisini kwangu, mke wangu ameupika asubuhi hii na bado ni wa moto, naomba uibebe wewe. Tunakwenda wote kibarazani kwa Mwinjilisti. Tutasimama uani kwake, tutamwomba atuanzishie wimbo kwa sauti ile aliyobaki nayo, hata ikikwaruza, nasi tutamfuata hapohapo alipoanzia. Na leo baraka atatoa yeye.

Tokeni kwa utaratibu, watoto watangulie. Dirisha liacheni wazi.